Ndoo ya Maji ya Jibini

Walipoachana waligawana kila kitu isipokuwa ndoo. Mwokaji alibaki na bekari yake na kitanda cha mbao. Mumewe akachukua redio, zulia na sanduku la spana, akaenda zake mji mwingine alikopata kazi ya kutengeneza lifti. Watu wa mtaa walisema kazi hiyo ilimfaa, maana hata ndoa aliiendesha vivyo hivyo, leo juu, kesho chini, na siku nyingine imekwama katikati na watu wamo ndani. Wakubwa wa pande zote mbili wakakaa kikao, wakasema yale ambayo wakubwa husema, wakanywa chai, wakatawanyika. Ndoo hakuna aliyeitaja.

Ilikuwa ndoo nyeupe ya plastiki yenye mfuniko wa bluu, mpini wake umeungwa kwa kamba. Tangu siku za mwanzo za ndoa ilikuwa ikitoka nyumbani kwa mamamkwe wa mwokaji, ikaja bekari na kurudi, kila mara yule mama alipotengeneza jibini. Wiki ya talaka mwokaji alikanda unga kwa maji ya bomba, akajiambia lililopita limepita. Mikono ilikuwa bado ndani ya beseni aliposikia mlango wa nyuma ukigongwa kwa kiwiko, kama anavyogonga mtu aliyebeba kitu. Alipofungua akamkuta mamamkwe wake, yule ambaye watoto wa mtaani walimwita Bibi Ndimu kwa sababu ya harufu ya vidole vyake. Jasho lilikuwa likimtoka, na ndoo ilikuwa mkononi.

"Shikamoo, Mama," mwokaji akasema.

"Marahaba. Shika hii, mkono unaniuma."

"Lakini Mama, sisi tumeshaachana."

"Najua. Nilikuwepo kikaoni, na chai yao haikuwa na sukari." Bibi Ndimu aliiweka ndoo sakafuni mwenyewe. "Sasa haya maji nimmwagie nani?"

Mwokaji akajaribu kueleza kwamba watu watasema, kwamba mambo yameshaharibika, na maji yakimwagika hayazoleki. Mamamkwe wake akainua mfuniko, akachungulia ndani, akaufunga tena.

"Haya hayajamwagika," alisema, akaketi juu ya gunia la unga kungoja mkate wake.

Afadhali tuseme wazi maji hayo ni kitu gani, maana wapo watu wazima waliokula jibini maisha yao yote na hawajui. Maziwa yakichemka ukayakamulia ndimu, hukatika. Madonge meupe hujitenga upande wake, na maji ya rangi ya manjano iliyofifia upande wake. Madonge ukiyachuja kwa kitambaa, ukayakamua na kuyatia chumvi, hiyo ndiyo jibini. Maji ndiyo mabaki, na hubaki mengi kweli, karibu ndoo nzima kwa jibini inayoenea kwenye sahani moja. Nyumba nyingi huyamwaga bila hata kuyatazama. Kwa Bibi Ndimu kuyamwaga ilikuwa sawa na kumfukuza mgeni. Aliyapikia wali, akayalowekea maharage, akayaoshea nywele. Yaliyolala aliyachanganya na maji ya kawaida na kuzinywesha nyanya zake alizopanda kwenye makopo ya rangi. Yaliyobaki baada ya yote hayo ndiyo yaliyoingia kwenye ndoo na kwenda kukandia mikate.

Siri hiyo mwokaji aliijua alipokuwa bi harusi wa juzi tu. Alikuwa amesimama kwenye sinki la mamamkwe, ameshainamisha sufuria, anataka aonekane mke anayejua usafi. Akashikwa mkono. "Hayo ndiyo ya kukandia, mwanangu," Bibi Ndimu akamwambia, akalileta beseni, na wakakanda pamoja. Mkate uliotoka ulikuwa laini, ganda lake limeiva vizuri, na uchachu mdogo ulikuja mwishoni, ukishameza. Kutokana na mkate ule ilizaliwa bekari. Lakini mwokaji hakuukumbuka sana mkate ule kama alivyolikumbuka lile neno. Alifiwa na mama yake kabla meno ya utoto hayajamtoka yote, akalelewa na shangazi mwenye watoto wake mwenyewe, na katika nyumba ile "mwanangu" daima ilifuatwa na "kalete" au "kapeleke". Pale kwenye sinki ndipo alipoitwa mwanangu kwa mara ya kwanza bila kutumwa. Alimpenda mama yule tangu hapo, na tusifichane, alimpenda kuliko alivyompenda mwanawe.

Basi baada ya talaka ndoo iliendelea na safari zake. Ilikuja na maji, ikarudi na mkate uliofungwa kwenye kitambaa safi. "Mkono mtupu haulambwi," Bibi Ndimu alisema kila alipopokea mkate wake, akaketi juu ya gunia, akamega ganda, na wakazungumza mpaka mikate ya pili ikaiva. Aliyeuliza mamamkwe wa zamani anafuata nini kwa mtalaka wa mwanawe alijibiwa kuwa ameleta maji. Jibu lilitosha. Ndoo ndiyo iliyokuwa na shughuli rasmi, wao waliisindikiza tu.

Matatizo yalianza kwa chumvi. Asubuhi moja unga uligoma kuumuka. Mwokaji aliusogeza karibu na tanuri, akaufunika, akaufunua, akaona umelala vile vile, akailaumu hamira, akamlaumu aliyemuuzia hamira. Mwishowe akachovya kidole kwenye ndoo na kukilamba. Maji yalikuwa na chumvi ya kutosha sufuria ya mchuzi. Sasa, Bibi Ndimu hutia chumvi kwenye jibini iliyokwisha kukamuliwa, hajawahi kuitia sufuriani tangu mwokaji amjue. Mwokaji alicheka peke yake. Hata mkono uliozoea huteleza, akasema, akakanda mwingine kwa maji ya bomba.

Safari iliyofuata ndoo ilijaa maziwa matupu, hayajaguswa na ndimu. Kisha ikaja siku ya madonge. Mwokaji alifungua mfuniko akakuta jibini yenyewe, imekamuliwa vizuri na kufinyangwa duara, inamtazama kutoka chini ya ndoo iliyo kavu. Maana yake ni kwamba nyumbani kwa Bibi Ndimu, mahali fulani kwenye friji, maji yalikuwa yamefunikwa kwa heshima zote na kusubiri kuliwa. Na Bibi Ndimu mwenyewe alikuwa juu ya gunia, anasimulia habari ya jirani aliyenunua viatu akafika nyumbani na kukuta vyote viwili ni vya mguu wa kushoto. Alisimulia vizuri, akaimaliza, akamega ganda la mkate, akaianza upya. Mwokaji alicheka mara ya pili palepale alipocheka mara ya kwanza. Alipogeuka kuangalia tanuri macho yalimjaa, na safari hii hakuweza kulaumu hamira.

Hakumwambia mtu. Tena akafanya zaidi ya kunyamaza. Kichwa cha Bibi Ndimu kilikuwa kinapoteza mambo, lakini ulimi wake haukupoteza hata chembe. Mkate uliokandwa kwa maji ya bomba angeutambua kwa kipande cha kwanza, angeuliza, na maswali yangeanza. Kwa hiyo mwokaji alianza kununua maziwa na kuyakata kwa ndimu mwenyewe, pale bekari, ili apate maji ya kukandia mkate wa mamamkwe wake. Wengine hutengeneza jibini wakabaki na maji. Yeye alitengeneza maji akabaki na jibini. Na jibini yake, Mungu amsamehe, ilikuwa mbaya. Mkono wa unga si mkono wa maziwa. Aliigawa bure kwa wateja, na mshona viatu wa pale pembeni alipopewa kipande chake akauliza kwa adabu kama ni cha kula au cha soli.

Kila ndoo iliyokuja na makosa aliipokea kwa mikono miwili. "Asante, Mama, leo yametoka vizuri." Akaimwaga uani baadaye, mahali Bibi Ndimu asipoona, na roho ikimuuma, maana alikuwa hajawahi kuyamwaga tangu siku ile ya sinki. Alijua anachokiogopa. Akimwambia mtu mmoja, mtu huyo atampigia simu fundi wa lifti, na fundi atakuja kumchukua mama yake, kama inavyompasa mtoto yeyote mwenye akili. Nani wa kumzuia? Mtalaka hana kiti katika kikao cha familia. Damu ni nzito kuliko maji, hata yakiwa maji ya jibini.

Kisha ikaja ndoo iliyomvunja nguvu kabisa. Ilikuwa wiki ambayo muuza maziwa hakuonekana mtaani, baiskeli yake iko kwa fundi, na mwokaji amelazimika kununua maziwa ya pakiti dukani. Kiwiko kikagonga mlango. Bibi Ndimu akaingia taratibu kuliko kawaida, akaitua ndoo, akageukia ukuta akawa anasoma maandishi ya gunia kana kwamba ni barua kutoka kwa ndugu. Mwokaji akafunua. Ndani kulikuwa na maji meupe ya bomba, yaliyochemshwa, na kokwa mbili tatu za ndimu zikielea.

Maji matupu. Mwokaji aliyatazama na kumwona mama yule jikoni kwake, amesimama mbele ya sufuria ya maji, anakamua ndimu na kusubiri yakatike. Akaona kwamba sasa wamefika mbali.

"Asante, Mama," akasema. "Leo yametoka mengi."

"Eh," Bibi Ndimu akajibu, bado anasoma gunia. Siku hiyo hakuketi. Alipewa mkate wake, akaupokea bila kusema lolote juu ya mikono mitupu, akaenda.

Baada ya hapo ndoo haikuja. Mwokaji alingoja mpaka mikate ya pili ikatoka, akajidanganya kwamba maziwa bado ni shida, ingawa kengele ya ile baiskeli alikuwa ameisikia kwa masikio yake asubuhi. Akavua aproni, akafunga duka mchana kweupe, kitu ambacho wateja wake hawakuwahi kukiona. Kufika kona ya nyumba akasikia harufu ya kuungua. Alikimbia hatua zilizobaki na unga ukimruka mikononi.

Jikoni moshi ulikuwa umejaa. Sufuria ilikuwa imekauka, maziwa yamegeuka ganda jeusi, moto wa gesi bado unawaka chini yake kwa bidii, na pindo la pazia la dirishani limeshakuwa la kahawia. Alizima gesi, akatupa sufuria kwenye sinki, akafungua kila kinachofunguka. Sebuleni alimkuta Bibi Ndimu ameketi ametulia, nywele zimelowa, anazichana.

"Kuna mtu anaunguza kitu," Bibi Ndimu akasema kwa upole. "Hebu kamwambie azime."

"Nimeshamwambia, Mama."

Bibi Ndimu akainuka, akamfuata jikoni, akasimama mlangoni. Akaiangalia sufuria. Akaliangalia pazia. Kitana kilikuwa bado mkononi.

"Ni mimi?"

"Ni mimi, Mama. Nilipita hapa asubuhi nikawasha, nikasahau kukuambia."

"Usinidanganye," Bibi Ndimu akasema, "siyo katika jiko langu."

Mwokaji alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, akalia mbele ya mamamkwe wake bila kujificha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameficha maradhi yasiyo yake. Alikuwa ameyaficha kwa ajili ya njaa ya moyo wake mwenyewe, ili aendelee kuwa na mama wa kumgongea mlango. Pazia lile lingeshika moto vizuri, asingekuwa na mama wala mlango. Bibi Ndimu aliinama kwa shida, akaanza kumkung'uta unga begani, polepole, kama anayemsafisha mtoto kabla hajaenda shule.

Jioni ile, baada ya kuisugua sufuria mpaka ikakubali, mwokaji alipiga simu.

"Ni mimi," alisema.

"Nimeijua sauti," fundi wa lifti akajibu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za vyuma. "Mama yuko salama?"

Akamweleza yote. Chumvi, maziwa matupu, madonge, maji yenye kokwa za ndimu, sufuria, pazia. Hakupunguza wala hakuongeza.

"Mambo haya ni ya muda mrefu?"

"Ni ya muda."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, na nilikuwa naficha."

"Kwa nini ufiche?"

"Kwa sababu utamchukua."

Kelele za vyuma zikanyamaza. Alikuwa ametoka alipokuwa, au amewaambia wenzake wangoje. "Nakuja," akasema, na hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomuumiza mwokaji zaidi, maana hasira angejua la kuifanya.

Alikuja, nywele zimeanza mvi pembeni, akiwa na begi dogo na sanduku lile lile la spana. Hakuwa mtu mbaya, na msimuliaji huyu hatamfanya mbaya ili hadithi ikolee. Alikuwa amefikiri. Alikuwa amezungumza na mke wake mpya, naye amekubali kwa moyo mweupe. Walitoa vyombo kwenye chumba kimoja, wakapaka rangi. Nyumba yao iko ghorofa ya juu, lakini Mama asiogope kupanda, kwa sababu lifti ya jengo lile anaitengeneza yeye mwenyewe. Yote hayo aliyasema jikoni, amesimama, huku mama yake ameketi na mtalaka wake anakunja nguo za Bibi Ndimu mezani, moja moja, gauni juu ya gauni. Hakuna aliyemwomba azikunje. Aliona kwamba kama zitaondoka, ziondoke zimenyooka.

"Na nyanya zangu?" Bibi Ndimu akauliza.

"Tutanunua nyanya, Mama. Sokoni zimejaa."

"Na ndoo?"

"Ndoo ipi?"

Mwokaji alikunja sketi vibaya, akaikunjua, akaanza tena. Bibi Ndimu akamnyooshea kidole mwokaji.

"Na huyu?"

Fundi wa lifti alichuchumaa mbele ya mama yake, akamshika magoti. Alisema polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Mama, huyu si mke wangu tena. Tuliachana. Unakumbuka?"

Mwokaji aliacha kukunja. Kati ya yote ambayo kichwa kile kingeweza kuyapoteza, hili alikuwa hajawahi kulifikiria. Ikiwa Mama amesahau talaka, basi miezi yote hii alikuwa anamletea ndoo mke wa mwanawe, hakuwa anamletea yeye. Alikaza macho kwenye sakafu.

"Nakumbuka," Bibi Ndimu akasema. "Nakumbuka mpaka chai. Wewe ulimwacha. Mimi sikumwacha." Akayaondoa magoti yake kwenye mikono ya mwanawe. "Siku ile mlizungumza wote, hakuna aliyeniuliza."

Fundi wa lifti alibaki amechuchumaa, na kwa mtu anayeishi kwa kuwatoa wenzake walikokwama, alichukua muda mrefu kupata njia. Mwishowe aliinuka, akatoka uani, na mwokaji akamfuata. Walisimama kando ya makopo ya nyanya.

"Mimi sikumfundisha aseme vile," mwokaji akasema. "Ukitaka kumchukua, mchukue. Nimekupigia simu kwa sababu hiyo. Nisingekuambia ningekuwa mwizi."

"Najua hukumfundisha. Nani amewahi kumfundisha kitu yule?" Akagusa jani la nyanya. "Nikimweka kule, mke wangu yuko kazini, mimi niko kazini, yeye atakaa na ukuta. Una nafasi?"

"Kipo chumba cha nyuma ya tanuri. Nimekijaza magunia. Kina joto."

"Baridi haipendi."

"Najua."

"Utaweza?"

Alitamani kusema ndiyo kwa sauti kubwa. "Sijui," akasema. "Ninachojua ni kwamba pale mtu yupo kuanzia alfajiri mpaka tunafunga, na jiko halikai peke yake."

Fundi wa lifti aliyahamisha magunia mwenyewe, akatoka mweupe kichwa mpaka kiatu. Akafunga vyuma vya kushikia kando ya kitanda na mlangoni mwa choo, akavitingisha kwa uzito wake wote, akabeba makopo ya nyanya na kuyapanga uani kwa bekari. Aliahidi kuja kila mwezi, na tuseme hapa hapa kwamba alitimiza. Wakati wa kuaga alimkumbatia mama yake, kisha akamgeukia mwokaji, akakosa jina la kumwita. Akasema asante bila jina, na ilitosha.

Siku chache baadaye wakatengeneza jibini pamoja. Mwokaji alisimama karibu kama anayepita njia tu, akisema "chumvi bado, Mama," na "sasa ndimu," na pale asipokuwa na uhakika alinyamaza akaitazama mikono. Mikono ya Bibi Ndimu ilijua. Maziwa yalikatika vizuri, madonge yakaingia kwenye kitambaa, na maji yakabaki sufuriani, ya manjano iliyofifia, yenye harufu ile ile. Bibi Ndimu akaichukua ndoo. Akayamimina humo yote, akafunga mfuniko wa bluu, akaibeba kutoka jikoni mpaka meza ya kukandia, safari ya hatua chache, akaigonga meza kwa kiwiko.

Mwokaji akacheka. "Mama, sasa tunakaa pamoja. Ndoo si lazima tena."

Bibi Ndimu hakucheka. Aliushika ule mpini wa kamba kwa mikono miwili, akakunja uso. Mwokaji akaona amekosea mahali, akatafuta utani wa kulainisha, akaokota ule uliokuwa karibu. "Au umesahau ulivyoniletea maji ya bomba na kokwa za ndimu?" Alisema hivyo akidhani ni salama, kwamba jambo hilo limeshapotea pamoja na mengine.

"Hilo sikusahau," Bibi Ndimu akasema. "Chumvi mnayoniambia siikumbuki. Lakini hilo nalikumbuka. Muuza maziwa hakuja. Nilimngoja mpaka jua likapanda, hakuja. Nikachemsha maji, nikakamua ndimu, nikaona rangi inakaribia kidogo."

"Ulijua ni maji?"

"Kwani mimi ni mjinga? Nilijua. Nikasema labda hutafunua nikiwa pale. Ukafunua." Aliangalia pembeni, kama alivyoliangalia gunia siku ile. "Na ukaniambia asante."

Mwokaji akasogea karibu. "Mama, kwa nini hukuja tu?"

Bibi Ndimu alimtazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Mkono mtupu haulambwi," akasema. "Ningekuja na nini?"

Mwokaji akauondoa mkono mmoja wa mamamkwe wake kwenye mpini, mkono mtupu, wenye mikunjo ya uzee, umelowa maji ya jibini. Akaufungua kiganja na kuulamba.

"Hauna chumvi," akasema, machozi yakimshuka. "Leo hujakosea."

"Una wazimu, mwanangu," Bibi Ndimu akasema, na hakuuondoa mkono wake.